Divai ya Kumwekea Delfina

Ukungu ulipanda mapema mwaka ule. Oktoba haijafika kati, bonde zima lilikuwa limefunikwa, na kule juu kijijini San Defendente yalibaki kuonekana mapaa ya nyumba na mnara wa kanisa, basi. Teresio alichukua taa akashuka ngazi za ghala la chini. Tangu Aprili alikuwa akishuka kuangalia mapipa, kuongeza palipopungua, kufagia. Kuchagua hakuwa amechagua.

Kuchagua ilikuwa kazi ya Delfina.

Teresio alijua mzabibu. Alijua ukatwe lini, ufungwe wapi, na udongo upi huchoka upesi. Divai ikishaingia chupani hakuwa na habari nayo tena, kama baba aliyekwisha kumwoza binti. Hapo ndipo Delfina alipoipokea. Baridi ya kwanza ikigusa vidole, alishuka ghalani na kiti chake kidogo, akafungua chupa moja moja, akamimina kiasi cha kidole, akanusa, akanyamaza, akanusa tena. Kisha alifunga uzi shingoni mwa chupa zilizobaki za pipa lile. Uzi mwekundu ulikuwa wa divai changa ya barbera, ya kunywewa na mchuzi wa moto wa vitunguu saumu na dagaa wa chumvi, kwa kuwa ina ukali wa kukata mafuta. Mweusi ulikuwa wa nebbiolo, ya kungoja sungura, au nyama iliyolala siku mbili kwenye divai yenyewe. Wa kijani ulikuwa wa chupa ambazo hazijatulia, zisiguswe mpaka Krismasi ipite. Kusoma wote wawili walisoma kwa taabu. Nyuzi zilitosha.

Aliwahi kumuuliza mbona vuli ina mambo mengi hivyo, na kiangazi watu wanakunywa chochote. Delfina alimjibu kwamba kiangazi mtu anakunywa kwa kiu, ila vuli watu wanakaa mezani muda mrefu, na divai lazima iwe na subira nao. Teresio alicheka. Alidhani ni mzaha.

Sasa chupa za mwaka huu zilikuwa shingo tupu. Alifungua tatu, akanusa. Zote zilinukia divai.

Alikuwa na miaka sabini na tisa. Alizaliwa kilima hichohicho, akaenda shule kwa majira mawili ya baridi, mwalimu akamwambia baba yake kwamba mtoto huyu akili yake imo miguuni. Baba hakukasirika, akampa kondoo. Alipofikisha thelathini alimwoa Delfina wa ng'ambo ya kijito, msichana mfupi mwenye mikono mikubwa, aliyecheka kwa kuziba mdomo. Walipata binti mmoja, Mirella, na mtoto wa kiume ambaye hakumaliza wiki. Walilima. Miaka arobaini na tisa hawakulala mbali mbali hata mara moja, mpaka Delfina alipopelekwa hospitali Machi. Wiki tano baadaye alirudi kwa gari jeusi.

Jumapili Mirella alikuja kutoka Torino na mume wake, Claudio. Alipika ule mchuzi wa moto, wakauweka katikati ya meza juu ya jiko dogo la makaa, na mboga za kuchovya pembeni. Teresio alileta chupa. Claudio alionja, akasema ni divai nzuri sana. Ilikuwa nzuri kweli. Ilikuwa nebbiolo ya mwaka mzuri, na ilipokutana na vitunguu saumu na dagaa iligeuka chungu mdomoni kama msumari. Claudio alimaliza glasi kwa adabu. Mirella alikunywa maji. Teresio aliona kila mmoja anavyojitahidi kutosema neno.

Baadaye Mirella alikuwa akiosha vyombo, baba akifuta. Akauliza bila kugeuka:

"Baba, ile siku ya marehemu, Mama utamwekea ipi?"

Pale San Defendente, jioni ya kuamkia Siku ya Marehemu Wote, hakuna nyumba inayoondoa vitu mezani. Linaachwa bakuli la kokwa za msituni zilizochemshwa, mkate, na glasi ya divai kwa kila marehemu wa nyumba, na watu wanaamka kabla ya kengele ili vitanda viwe wazi kwa waliotoka mbali. Na divai haiwekwi tu. Ni ile mtu aliyoipenda akiwa hai. Delfina alikuwa akimwekea baba mkwe barbera kali, na mama mkwe ile tamu yenye povu, na shemeji yake Notu, ambaye hakuwahi kuchagua wala kukataa, alimwekea mbili. Marehemu wa mwaka huohuo ndiye anayeangaliwa zaidi. Wake wa majirani huuliza, "Mmemwekea ipi?" na mwenye nyumba anajibu.

"Kwani alikuwa anapenda ipi?" Teresio aliuliza.

Mirella alifunga maji. "Unaniuliza mimi?"

Teresio aliendelea kufuta sahani iliyokwisha kukauka. Mirella akasema Mama alikunywa iliyopo. Aweke barbera, nyumba nzima ni ya barbera. Alisema kwa upole, kama mtu anayemvusha mzee barabara.

Wakaondoka saa kumi, kabla ukungu haujafunga njia.

Neno lile lilimkaa. Alikaa jikoni akajaribu kumwona Delfina akinywa. Alimwona akimimina. Alimwona akimmiminia yeye kwanza, kisha wageni, kisha Mirella kidogo na maji mengi. Na chupa ikibakiza mkia, wenye mashapo, Delfina aliumimina kwenye glasi yake, akaunywa amesimama kando ya jiko huku anakoroga ugali. Teresio aliona mgongo. Aliona kamba za aproni. Uso hakuuona, hata alipojaribu. Mtu ananusa divai zote za nyumba, anajua kila mmoja atapenda nini kwa chakula gani, na huyu aliyeketi mbele yake miaka yote hajui yeye anapenda ipi.

Wiki ile kila jioni alifungua chupa ya pipa moja, akaiweka mahali pake, akaitazama. Siku ya nne akaona anamaliza divai tu na jibu halipati. Akaacha.

Siku ya tano alikwenda kwa Ernesta.

Ernesta alikuwa dada mkubwa wa Delfina, mjane wa miaka mingi, akiishi karibu na kanisa. Alimkuta amekaa mlangoni ananyonyoa kuku, manyoya yamejaa mapajani. Hakuacha kazi. Alimwambia shemeji leo kapotea njia, ama kakumbuka kwamba bado tuko hai. Teresio alivumilia. Ernesta alikuwa hivyo tangu ujana. Hata siku ya harusi alimwambia bwana harusi kwamba suti imemvaa yeye.

Akamweleza shida yake kwa maneno machache. Ernesta alinyonyoa ubawa mzima kabla ya kujibu.

"Kwa hiyo hujui," akasema.

"Sijui."

"Arobaini na tisa."

"Ndiyo, shemeji. Arobaini na tisa."

"Grignolino," Ernesta akasema. "Hakupenda nyingine. Hizo zenu nyeusi alizinywa kwa sababu ndizo zilizokuwepo."

Teresio alidhani anamtania. Grignolino ni divai nyekundu kwa jina tu. Rangi yake imepauka, ukiiinua kwenye mwanga unaona vidole vyako upande wa pili. Inakwaruza ulimi kidogo, inapita. Hakukuwa na chupa yake hata moja nyumbani kwake. Akasema hivyo: haikuwepo nyumbani.

"Ilikuwepo," Ernesta akasema. "Ile mistari mitatu."

Ndipo akakumbuka. Ilikuwa imemtoka kichwani kabisa, kama mtu anavyosahau jino lililong'olewa. Baba yao Delfina hakuwa na kitu cha kumpa binti. Alimpa mistari mitatu ya mizabibu ya grignolino, mizee, iliyopakana na shamba la jirani yao Evasio, ikawa ndiyo mali yake aliyoingia nayo. Majira ya baridi ya pili baada ya harusi Teresio aliing'oa. Alifunga ng'ombe wawili, akaing'oa yote kwa siku moja, akapanda barbera, maana grignolino inazaa kidogo, ina kokwa nyingi, na chama cha ushirika kilitaka barbera. Visiki alivichoma palepale. Alikuwa kijana, na alijisikia mtu mwenye akili. Jioni alirudi, Delfina akampakulia supu.

"Hakusema kitu," Teresio alisema.

"Ulimuuliza?"

Teresio aliokota nyoya lililoanguka.

"Alikuja hapa siku ya pili. Alikaa hapo ulipo wewe. Alilia, nikamwambia nenda kamwambie mume wako, akasema imeshakuwa, visiki vimeshaungua. Akaosha uso, akarudi kuwapikia." Ernesta alimgeuza kuku. "Sikusemi, Teresio. Wote walikuwa wanang'oa. Wewe umeniuliza, nimekujibu."

Alimpa maini ya kuku kwenye karatasi aende akakaange. Teresio aliyabeba mpaka nyumbani, na hakuyakaanga.

Basi sasa alijua, na kujua hakukumsaidia. San Defendente nzima palikuwa na mtu mmoja tu aliyebaki na grignolino, naye ni Evasio. Na nyumbani kwa Evasio Teresio hakuwa amekanyaga tangu Mirella yuko mgongoni.

Kisa chao kilikuwa kidogo kilipoanza. Kulikuwa na siku ya mizani pale kwenye chama cha ushirika, wanaume wote wako pale, mikokoteni imepanga foleni. Evasio alileta chupa ya mwaka uliopita ili watu waonje. Teresio alichukua glasi, akaiinua kwenye jua, akasema, "Evasio, mwaka huu ulivuna zabibu au ulichota kisimani?" Watu walicheka mpaka wakashika magurudumu. Toka siku ile mtu akawa Evasio Maji. Padri peke yake ndiye aliyebaki kumwita jina lake tupu. Kila vuli Teresio akimwona anapita na mkokoteni aliuliza kama leo kisima kimejaa, na watu walicheka upya. Evasio hakujibu kamwe. Aliacha tu kusalimia.

Teresio aliona afadhali aende mjini. Alipanda basi la asubuhi, akaingia duka la divai lenye chupa mpaka dari. Msichana wa dukani alikuwa na adabu. Alimuuliza babu anataka nyekundu ya vuli, sawa, ya kula na nini? Teresio akasema si ya kula. Ya zawadi? Akasema ni kama zawadi. Msichana akauliza huyo mtu anapenda nyepesi au nzito, ya mwaka huu au iliyotulia, na ya kilima kipi, maana grignolino ya mchanga si sawa na ya udongo mweupe. Teresio alisimama na kofia mkononi. Kila swali lilikuwa swali la haki, na kila moja alilijibu kwamba hajui. Msichana akamletea chupa nzuri yenye karatasi ya dhahabu. Aliishika, akatazama maandishi bila kuyasoma. Mistari ile mitatu ilipakana na ya Evasio, udongo mmoja, maji ya mvua mamoja. Hii ya dhahabu ilitoka wapi? Akamrudishia, akashukuru, akangoja basi saa nzima kwenye baridi.

Siku ya Watakatifu Wote mchana kijiji kizima kilikwenda makaburini. Mirella alikuwa amekuja peke yake, Claudio alibaki na kazi. Walileta maua ya manjano, wakafuta jiwe. Picha ya Delfina ilikuwa ile ya ubatizo wa mjukuu wa Ernesta, amekodoa macho kwa jua. Majirani walipita kusalimu. Mke wa mwashi aliuliza, kama kawaida ya watu, jioni wamemwandalia ipi. Mirella alifungua mdomo kusema barbera. Teresio akasema, "Tutaona."

Njia ya kurudi alimwambia binti yake atangulie kuchemsha kokwa. Yeye alishika njia ya chini, ya kijito.

Evasio na mke wake Rosina walikuwa jikoni, nguo za kanisani bado mwilini. Rosina alifungua mlango, akamtazama, akageuza kichwa ndani.

"Evasio, kuna mtu wako hapa," akasema, na akaacha mlango wazi, jambo ambalo lilikuwa karibisho au lilikuwa kusahau.

Teresio aliingia. Evasio alikuwa amekuwa mzee, kama yeye. Shingo ilikuwa imekonda ndani ya kola. Alimwonyesha kiti kwa kidevu.

Teresio aliketi. Alikuwa amepanga maneno njiani, sasa hayakuwepo.

"Unataka nini?" Evasio akauliza. "Maji?"

"Grignolino," Teresio akasema. "Chupa moja. Ya kwako."

"Wewe."

"Si ya kunywa mimi. Ya Delfina. Ya leo jioni."

Evasio alimwangalia. Kisha aliinuka, akachukua ufunguo ukutani, akatoka. Zikasikika hatua zake zikishuka ghalani, moja moja, za mtu mwenye goti bovu.

Teresio alidhani limekwisha. Alimshukuru Rosina. Rosina alikuwa amesimama kando ya meza, mikono imefumbatana, na hakuwa mtu wa kumaliza jambo kwa urahisi hivyo.

"Yeye atakupa," akasema. "Yuko hivyo. Mimi nitasema yangu. Unamkumbuka Piero wetu?"

Teresio alimkumbuka. Mvulana mwekundu wa masikio.

"Shuleni walimwita Piero Maji. Mpirani, Piero Maji. Akipigana anarudi shati limechanika, namuuliza nini, hasemi. Alipofika miaka kumi na sita alikwenda kiwandani mjini, akasema hawezi kuishi mahali ambapo hata jina lake ni dhihaka ya mtu mwingine. Shamba hili halina mtu baada yetu. Wewe ulisema neno moja la kuchekesha, Teresio. Lilikuwa linachekesha. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza."

Kijiko kililia ndani ya sufuria iliyokuwa motoni. Nje mtu alipita na gari, taa zikapita ukutani zikaondoka.

"Nilikosea," Teresio akasema.

"Sema kwa sauti, masikio yangu yamezeeka."

"Nilikosea, Rosina."

Rosina aliinamisha kichwa mara moja, kama anayepokea kitu kilichokuja kimechelewa sana na bado ni chake. Akavuta kiti, akaketi ng'ambo ya meza.

Hapo ndipo alipomweleza lile jingine. Delfina alikuwa akija. Alianza vuli ileile ya lile neno la mizani. Alipita njia ya kijito na mayai kumi ndani ya kitambaa, akaomba radhi kwa niaba ya mume wake. Rosina alimwambia radhi ya mtu haibebwi na mke, ila aketi. Walikuwa wanapasua karanga za msituni, akasaidia. Evasio akammiminia glasi. Aliinusa, kisha akaonja, na Rosina aliona uso unavyomfunguka. Mwaka uliofuata akaja tena, na mwaka uliofuata. Alasiri moja kila vuli, mavuno yakiisha, alikuja kupasua karanga na kunywa glasi mbili.

"Mbili?" Teresio aliuliza.

"Mbili. Mwaka mmoja tatu, akarudi anaimba mpaka kwenye daraja."

Teresio hakuwahi kumsikia Delfina akiimba. Kanisani alikuwa akifungua mdomo tu.

Alitaka kuuliza aliimba nini. Akauliza lile lililokuwa linamchoma zaidi.

"Alikuwa ananitaja?"

Rosina alifikiri kwa uaminifu. "Alisema unachapa kazi."

"Basi?"

"Basi."

Evasio alirudi na chupa mbili, vumbi limezishika. Akaziweka mezani. Alisema moja ni ya leo, na nyingine ni kwa sababu ya leo hakukiamini kizibo chake. Kisha akafungua kabati, akatoa chupa iliyokwisha kufunguliwa, akamimina glasi moja, akaisukuma mbele ya Teresio.

"Kunywa kwanza," akasema. "Uniambie sasa."

Teresio aliiinua. Aliona vidole vyake upande wa pili. Akaonja. Ilikuwa kama alivyoikumbuka: ilikwaruza, ikanukia waridi kidogo na pilipili kidogo, ikaenda zake. Alijua neno ambalo lingempendeza mwenye nyumba. Alikuwa na deni nalo. Lakini aliona kwamba akilisema litakuwa uongo wa pili juu ya divai hiyohiyo.

"Kwangu ni nyepesi," akasema. "Sijui kuinywa, Evasio."

Rosina alishika shavu. Evasio alimwangalia, na pembeni mwa mdomo wake pakasogea kitu.

"Umeniita jina langu tupu," akasema. "Chukua chupa zako uende, kokwa zitapoa."

Hakutaka malipo. Hakumsindikiza pia. Watu hawa hawakuwa marafiki siku ile, wala hawakujifanya.

Nyumbani Mirella alikuwa ametandika meza. Bakuli la kokwa lilitoa moshi, mkate ulikuwa chini ya kitambaa, glasi zimepangwa: ya babu, ya bibi, mbili za Notu, na moja mpya kwenye kona. Nyingine zimejaa. Ya kona alikuwa amemwachia baba. Teresio alifungua chupa, akamimina. Mirella akaitazama ile rangi.

"Nyekundu gani hii, Baba? Unaona mpaka ukutani."

Alimwambia aache hivyo hivyo. Kisha alichukua glasi ile, akaiondoa kona ya karibu na jiko, akaiweka kichwa cha meza, mahali alipokuwa akikaa yeye mwenyewe. Walisema rozari, wakaenda kulala.

Aliamka kabla ya kengele kama desturi, akatandika kitanda pande zote mbili. Jikoni palikuwa na ubaridi wa majivu. Glasi zilikuwa vilevile. Aliikagua ile ya kichwa cha meza akiwa ameinama, jicho likiwa sawa na ukingo, kama anavyokagua mstari wa mizabibu, na divai ilikuwa palepale alipoiacha. Hakujua alitegemea nini.

Divai ya marehemu haimwagwi. Wa nyumba huinywa asubuhi. Ya baba yake alikuwa akiinywa yeye kila mwaka, kwa furaha. Alivuta kiti. Alikunywa ya Delfina polepole, amekaa, akiingoja imwambie jambo. Katikati ya glasi aliona haitamwambia. Aliendelea hata hivyo. Alipofika chini, ulimi ulikuwa umekauka, na alikuwa bado haipendi.

Mirella alishuka na shali mabegani. Alimkuta baba ameketi, glasi tupu mkononi, na nje kengele imeanza. Alimwekea mkono begani. Teresio hakuwa mtu wa kuwekewa mkono, ila safari hii hakusogea.

"Ndiyo hii kweli aliyokuwa akiipenda Mama?"

"Ndiyo."

"Ulijuaje?"

Teresio aliiweka glasi mezani.

"Niliambiwa," akasema.